ABS niilipie au niiache? Namna ya kuamua kabla hujatoa hela ya gari

Wiki kadhaa zilizopita shemeji yangu kanipigia simu saa tano usiku, na shem akipiga muda huo ujue ni habari ya hela, ama anaitaka ama anataka kuitumia. Safari hii alikuwa anataka kuitumia. Anachukua pikapu ndogo zero kilomita ya kubebea mboga kutoka Mgeta kushuka Morogoro mjini, na mara mbili kwa wiki anaifikisha Dar. Shorumu wamempa karatasi mbili za bei, gari ni ileile, injini ileile, rangi ileile, ila moja ina ABS, ule mfumo wa kompyuta kwenye breki, na eabegi mbili, na nyingine haina kitu. Pembeni wamemchomekea na karatasi ya tatu ya vitu vya kuongezea, rimu za kung'aa na redio yenye kioo kikubwa. Sasa anauliza, "Shem, hii ABS ni kitu cha kweli au maneno ya wauzaji tu? Maana mzee kaendesha Isuzu miaka ishirini, haijui ABS, na kafia kitandani kwake."

Hoja ya mzee ni nzito na mimi sikuijibu usiku ule, nilimwambia alale. Ila nimekuja kuona watu wengi wanakwama hapohapo kwaiyo naandika nilivyomjibu, na hii itamfaa pia anayeagiza gari ya Japani maana huku kwetu "gari mpya" ni yoyote ambayo jirani hajawahi kuiona kwako.

Kwanza jua unachouziwa. ABS haiongezi nguvu ya breki, watu wengi wanadhani ni breki kali zaidi, hapana. Kazi yake ni kuzuia tairi lisifunge. Ukikanyaga breki kwa hofu, tairi likigoma kuzunguka gari bado ina mwendo wake, basi tairi linakuwa kama kandambili kwenye sakafu ya bafu yenye sabuni, linateleza tu na linakwenda linakotaka lenyewe. Ubaya mkubwa wala sio kwamba gari haisimami, ubaya ni kwamba usukani unakufa. Tairi la mbele ambalo halizunguki halikati kona hata uzungushe usukani mpaka mikono ivukane.

Hili nimeliona kwa macho, sio la kusoma. Kabla ya Mlandizi kama unatokea Dar, mvua imeanza dakika kumi tu zilizopita, ile ya mwanzo inayochanganyika na vumbi na oili barabara inakuwa kama imepakwa mlenda. Mbele Fuso imesimama katikati ya njia yangu, hakuna pembetatu hakuna tawi la mti. Nilikuwa na gari isiyo na ABS. Nikakanyaga mpaka chini, zikafunga zote nne, nikakata usukani kushoto mpaka mwisho na gari ikaendelea kwenda mbele kama hainijui. Kilichoniokoa ni uoga, mguu uliachia breki wenyewe sekunde hiyo, tairi zikaanza kuzunguka na gari ikarukia kushoto ghafla, nikaishia kwenye majani bampa ikiwa inaning'inia. Kile mguu wangu ulichofanya mara moja kwa bahati, ABS inakifanya kwa makusudi mpaka mara kumi na tano hivi kwa sekunde.

Inafanyaje? Kila tairi lina sensa ndogo inayosoma linazunguka kwa kasi gani. Kompyuta inalinganisha, ikiona moja linapunguza mwendo haraka kupita kawaida inajua hilo linataka kufunga, inaamuru valvu iachie presha ya mafuta ya breki kwa tairi hilo tu, likishazunguka inakaza tena, inaachia, inakaza. Ndo maana pedali inatetemeka mguuni na kuna mlio wa kukwaruza. Madereva wa zamani walikuwa wanafanya kwa mguu, ile tunaita kupampu breki, na mzee wa shem bila shaka alikuwa fundi wa hiyo. Ila yeye alipampu tairi zote kwa pamoja, mguu mmoja hauwezi kumuachia tairi la kushoto lililo kwenye mchanga huku unamkazia la kulia lililo kwenye lami.

Na sio kitu kipya kama wauzaji wanavyokipamba. Ndege zilikuwa na mfumo wa aina hii toka miaka ya 1950, Waingereza wakauweka kwenye gari ya Jensen FF mwaka 1966, Bosch na Mercedes wakaleta ile ya umeme kwenye S-Class mwaka 1978, Honda wakaifikisha kwenye Prelude mwaka 1982. Ulaya watengenezaji walikubaliana kila gari dogo jipya liwe nayo kuanzia 2004. Kwaiyo shem anapotajiwa ABS kama nyongeza ya kulipia leo, anauziwa kitu ambacho mwenzake wa Ujerumani hawezi kukikataa hata akitaka.

Sasa namna ya kuamua. Swali la kwanza usiulize bei, uliza gari itatembea wapi na kwa spidi gani. Kama ni gari ya kutoka nyumbani kwenda sokoni ndani ya mtaa wa vumbi, spidi thelathini, ABS utaishi nayo miaka mitano hujawahi kuisikia. Ila ukishatoka barabara kuu hesabu zinabadilika vibaya. Spidi 80 gari inakula mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke na mguu uhame toka kwenye mafuta, sekunde imepita, mita 22 zimeondoka hujagusa kitu. Alafu breki zinaanza, kwenye lami kavu na tairi nzima utatumia kama mita 36 nyingine, jumla karibu 60. Panda mpaka 100, jumla inaenda kwenye 84, yaani umeongeza spidi robo tu na umeongeza mita 25 na ushee za kumgonga mtu. Ikinyesha ndo usiseme, na hapo kwenye mvua ndo ABS inajilipa, kwa sababu mpira unaoteleza kwenye maji unashika kidogo sana kuliko mpira ambao bado unazunguka.

Barabara ya Morogoro unaijua, bodaboda anachomoka kwenye kichaka, ng'ombe wakiamua kuvuka wanavuka, kila kijiji kibao cha 50, rasta, matuta, na trafiki na tochi yake chini ya mwembe. Ni barabara ya kukanyaga breki za ghafla huku unakwepa. Kukanyaga na kukwepa kwa wakati mmoja ndo kitu pekee ABS inakupa ambacho mguu hauwezi. Shem anaipita mara nne kwa wiki kwenda na kurudi, kwaiyo upande huo jibu lilikuwa limeshapatikana.

Lakini kuna upande wa Mgeta, na hapa wauzaji hawakwambii. Kwenye changarawe na kokoto zilizolegea ABS inaweza kukufanya uende mbali zaidi kabla ya kusimama. Sababu ni rahisi, kwenye kokoto tairi likifunga linachimba na kujikusanyia rundo la mawe mbele yake kama jembe, lile rundo linasaidia kusimamisha gari. ABS haikubali tairi lifunge, kwaiyo rundo halipatikani. Wamarekani wa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, walishajaribu kwenye kokoto na wakakuta umbali unaongezeka kwa zaidi ya robo. Ndo maana baadhi ya Land Cruiser za zamani kama ile 80, ukifunga difu ya katikati ABS inajizima. Je hii inatosha kuikataa? Kwangu hapana, kwa sababu kwenye kokoto huendi 100, na bado usukani unabaki hai, ila inabidi ulijue ili ukiwa kwenye vumbi uache nafasi kubwa. Mtu anayeishi na kufanya kazi kwenye vumbi tupu mwaka mzima na haendi lami, huyo akiniambia haitaki simbishii.

Alafu Mgeta kuna mteremko. ABS haipozi breki. Ukishuka na mzigo mguu uko kwenye breki muda wote, zikichemka zikaanza kunuka na pedali kuzama, hata uwe na ABS tatu gari haisimami. Pale ni gia. Nimemwambia shem hivi na akaudhika kidogo, "Shem mi sio mtoto", sawa, lakini mteremko wa Kitonga kule Iringa umejaa watu ambao nao hawakuwa watoto.

Kwa pikapu na gari za mzigo kuna jambo la kuongezea ambalo lilinifanya nimkazie. ABS za siku hizi karibu zote zinakuja na ndugu yake anaitwa EBD, anayegawa nguvu ya breki mbele na nyuma kulingana na uzito. Shem anakwenda Dar na mzigo, anarudi mtupu. Pikapu tupu nyuma ni nyepesi kama karatasi, ukikanyaga breki kwenye maji tairi za nyuma zinafunga kwanza, na tairi za nyuma zikifunga kabla ya mbele gari linageuka, unajikuta unaangalia ulikotoka. Mwenye gari dogo la familia anaweza kubishana na mimi kuhusu ABS, mwenye pikapu sioni atabishana kwa lipi.

Na kama kwenye karatasi ya bei kuna VSC au ESC, iwe jina lolote, ile inayozuia gari lisipinduke na kuyumba kwenye kona, basi hiyo ndo mshindi hasa. Inatumia sensa zilezile na pampu ileile ya ABS, na takwimu za Marekani zinaonyesha inapunguza ajali za vifo za gari moja, zile za mtu kutoka barabarani peke yake, kwa karibu nusu. ABS peke yake haina rekodi ya kutisha namna hiyo. NHTSA walipopitia ajali za miaka mingi walikuta kwenye ajali za vifo kwa ujumla tofauti ni kama hakuna, ajali zisizo za vifo zinapungua kwa asilimia 6 kwa magari madogo na 8 kwa pikapu na jamii yake, na vifo vya kugonga watembea kwa miguu vinapungua vizuri. Nataja hizi kwa sababu mtu akikwambia ABS inaokoa kila mtu anakudanganya. Ni kitu kizuri, sio hirizi.

Tena kuna kisa cha teksi za Munich, Ujerumani, miaka ya 1980. Wakachukua teksi za kampuni moja, nyingine zina ABS nyingine hazina, wakawafuatilia madereva. Ajali zikalingana. Walipoangalia wakakuta wenye ABS wameanza kuendesha kwa fujo, wanakanyaga breki dakika za mwisho, wanakaribia sana gari za mbele, yaani ile nafasi waliyopewa na mtambo wameitumia kuwahi abiria. Mimi nikisoma hiki kisa naona daladala za Mbagala moja kwa moja. Na kumbuka aliye nyuma yako ni lori la mchanga, wewe ukisimama ghafla vizuri sana yeye hasimami.

Haya, hela. Hapa nina kipimo changu na sio cha kitabuni. Chukua tofauti ya bei kati ya gari yenye ABS na isiyo nayo, linganisha na bei ya tairi nne mpya za maana za gari hiyo. Tofauti ikiwa sawa na tairi seti moja mpaka mbili, lipa usijiulize, utabadilisha tairi mara nyingi zaidi ya hapo kabla hujaliuza gari. Ikizidi hapo ujue kwenye hiyo bei kuna vitu vingine vimefichwa, mwambie muuzaji akutajie kimoja kimoja. Mara nyingi utakuta zimo eabegi na hizo nazo ni za kulipia, ila pia unaweza kukuta zimo taa za ukungu na kiti cha ngozi, hapo ndo pa kubishana bei.

Na hoja iliyommaliza shem ni hii. Redio unaweka kesho. Rimu unaweka mwakani. Turubai, tinti, bampa, vyote viko Kariakoo vinakusubiri. ABS huwezi kuja kuiweka baadaye kwa maana yoyote ya kibiashara, maana ni pampu, kompyuta, mabomba, waya mpaka kila tairi, habu zenye sehemu ya sensa, na hata ukivipata vyote used pale Ilala Shauri Moyo sijui fundi gani utamwamini akuunganishie breki za majaribio. Kwaiyo kwenye ile siku moja ya kununua, hela yako ianze kwa vitu ambavyo hutopata nafasi nyingine ya kuvinunua.

Kuna hali moja tu ningemwambia aiache. Kama akilipia ABS atabaki hana hela ya tairi. Tairi kipara lenye ABS ni upuuzi, mfumo wote unategemea ule mpira wa ukubwa wa kiganja unaogusa barabara, kama mpira hauna meno kompyuta inagawa kitu ambacho hakipo. Tairi nzuri na hakuna ABS ni bora kuliko ABS na tairi za mtumba zilizokauka.

Sasa kwa wale wa gari za Japani, kwenu swali ni tofauti. Nyingi zinakuja nayo, kwenye karatasi ya mnada utaona imeandikwa ABS pembeni ya PS (usukani wa pawa) na PW (vioo vya umeme), kwaiyo huulizi kama ipo, unauliza kama inafanya kazi. Na hapa naomba uwe na macho. Niliwahi kuuziwa gari kwenye yadi moja, nzuri inang'aa, dashibodi safi hakuna taa hata moja. Miezi miwili baadae fundi anafungua dashibodi kwa shida nyingine kabisa, ananiita, "Bosi njoo uone", nyuma ya taa ya ABS wamebandika kipande cha selotepu nyeusi, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, mtu kakaa chini kafanya kazi ya mkono. Mfumo wenyewe umekufa siku nyingi.

Toka siku hiyo sikagui gari bila kufanya hivi. Kaa kwenye kiti, injini imezimwa, fungua swichi mpaka taa zote za dashibodi ziwake ila usiwashe gari. Tafuta taa ya njano iliyoandikwa ABS. Lazima iwake. Isipowaka kabisa, ama wameiziba ama wameing'oa, au gari haina ABS toka kiwandani. Ikiwaka hesabu taratibu, moja, mbili, tatu, inatakiwa izime yenyewe huku injini bado haijawashwa. Wajanja wengine wanaiunganisha na taa ya oili au ya chaji ili ionekane inawaka na kuzima, hiyo utaikamata hapohapo maana haitazima mpaka uwashe injini. Ndo maana nasema usikubali muuzaji akuwashie gari yeye, atapiga stata moja kwa moja na wewe utaona taa zimezima zote ufurahi.

Ukimaliza fungua boneti. Tafuta kibloku cha alumini cha ukubwa kama wa tofali dogo, kina plagi kubwa ya waya nyingi na mabomba membamba ya breki yameingia juu. Kwa kawaida utahesabu sita, mawili yanatoka kwenye masta silinda ya breki na manne yanaenda kwenye tairi. Gari isiyo na ABS huwezi kukuta hiyo plagi kwenye mabomba ya breki. Chungulia na nyuma ya tairi za mbele, kuna waya mwembamba unaingia kwenye habu, uangalie kama haujakatwa na kufungwa fundo. Nimeona uliofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Kama taa inabaki inawaka usikimbie gari papo hapo, inaweza kuwa kitu cha bei ndogo au cha bei ya kulia, weka mashine ya kupima ujue. Toyota nyingi za miaka ya 2000 hata bila mashine, fundi anayejua anaunganisha kwa waya tundu namba 4 na 13 kwenye ile plagi ya chini ya usukani, anafungua swichi, taa ya ABS inaanza kupepesa kwa kuhesabu, 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Asiyejua asiguse, namba 16 hapo ina umeme wa betri moja kwa moja. Sensa chafu au waya uliokatika ni kitu kidogo. Kompyuta na pampu ndo kilio, hapo shusha bei ya gari au ondoka.

Na ukiambiwa "ilianza kuwaka baada ya kubadilisha bearing" usishangae. Gari nyingi za karibuni bearing ya tairi ina upande mmoja wenye sumaku ambayo sensa inaisoma, fundi akiipachika kinyume au akiweka bearing ya bei chee isiyo na hiyo sumaku, sensa haioni kitu. Bearing inazunguka vizuri, gari inatembea vizuri, ABS imekufa. Kingine ni kuchanganya saizi za tairi, moja dogo moja kubwa, kompyuta inaona spidi nne tofauti inachanganyikiwa. Na mafuta ya breki badilisha kila miaka miwili hivi, yanakunywa unyevu wa hewa na ule unyevu unakula valvu za pampu toka ndani. Huku watu wanabadilisha oili ya injini kwa imani kama ya kwenda kanisani ila mafuta ya breki yako ya toka Japani, meusi kama kahawa ya pwani.

Taa ya ABS ikiwaka peke yake njiani, breki za kawaida bado zipo, endesha taratibu kama unaendesha gari ya mzee. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama pembeni uangalie mafuta ya breki kabla hujaendelea, hapo sio suala la sensa tena.

Wa bodaboda wananiuliza na wao, jibu fupi tu. Kwenye pikipiki ABS ina maana kuliko kwenye gari, kwa sababu tairi la mbele la pikipiki likifunga hutelezi, unaanguka. India toka 2019 pikipiki mpya zote zinazozidi cc 125 lazima ziwe nayo, kwaiyo ukinunua kubwa ya Kihindi uliza toleo lenye ABS hata ya tairi la mbele tu. Zile ndogo za biashara nyingi hazina na hakuna cha kuamua.

Mwisho ni kuijua kwa mguu, maana watu wengi wana ABS na siku ya siku wanaiharibu wenyewe. Sheria ni kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, usiachie, usipampu, na uelekeze usukani unakotaka kwenda. Itatetemeka, itapiga kelele, mwache. Ukiachia kwa sababu pedali imekushtua umerudi kwenye gari ya kawaida na umepoteza mita.

Shem kachukua yenye ABS, rimu na redio kaziacha. Jumapili asubuhi na mapema nikampeleka kwenye uwanja mmoja mpana wa nyasi fupi nje kidogo ya mji, umande haujakauka, hakuna mtoto wala mbuzi. Nikamwambia fika 40 alafu kanyaga kama umeona nyoka. Mara ya kwanza pedali ikamtetemesha akarusha mguu juu, akageuka ananiangalia, "Shem imevunjika!" Mara ya pili akashikilia nusu njia. Mara ya tatu nikashuka nikasimama pembeni niangalie tairi, akakanyaga mpaka mwisho na akakata usukani kulia, na ile pikapu tupu ikakata kona kwenye umande ule huku inanguruma chini, ikasimama haijageuka. Nyuma kwenye nyasi hakukuwa na mstari mmoja mrefu wa kuburuza, kulikuwa na vipande vipande kama mshono wa cherehani. Shem akashuka akaenda kuinama pale anaviangalia muda mrefu, akapima kimoja kwa vidole. Ile hela ya rimu kanunua turubai la kufunikia mboga.